Padi Ikitoka Mkononi: kisa cha jopo lililogawanyika juu ya Sonic X

Usuli

Kundi la wazazi katika mji mmoja wa pwani liliomba orodha ya anime (katuni za Kijapani) zinazofaa kutazamwa na watoto wa miaka 7 hadi 12 wakati wa likizo. Ombi lilikuja kwa kikundi cha wapenda anime ambacho nami nimo, na kikundi kikateua jopo dogo la kuifanya kazi hiyo. Majina ya watu, mtaa na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadilisha kwa sababu hiyohiyo.

Wazazi walikuwa na swali moja mahususi. Filamu ya Sonic ya mwaka 2020 ilikuwa imewaacha watoto na kiu ya yule kalunguyeye wa buluu, na baadhi yao walikuwa wamesikia kwamba ipo anime ya zamani, ndefu, yenye vichekesho tele. Je, ni nzuri? Swali lenyewe maneno matatu tu, lakini lilikaribia kulivunja jopo.

Wajumbe walikuwa wanne. Wa kwanza ni fundi simu aliyekulia kwenye gemu za Sonic tangu utotoni, nitamwita mchezaji. Wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto kadhaa, ambaye hajawahi kushika padi ya gemu, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, maishani mwake. Wa tatu ni mwanafunzi wa chuo anayetazama anime kwa Kijapani, akisoma tafsiri chini ya skrini. Wa nne anahariri video za harusi na matangazo, na jicho lake huangalia picha kabla ya hadithi. Mimi nilikuwa mratibu, bila kura.

Anime yenyewe

Gemu ya kwanza ya Sonic ilitolewa na Sega mwaka 1991 kwa mashine ya Mega Drive. Sonic X ilikuja miaka kumi na miwili baadaye: studio ya TMS Entertainment, mwongozaji Hajime Kamegaki, ikirushwa na TV Tokyo kuanzia Aprili 2003 hadi Machi 2004, vipindi 52. Kwa sababu ilipendwa mno nje ya Japani, vikatengenezwa vingine 26, ambavyo vilitangulia kuonekana Ufaransa mwaka 2005. Jumla vikawa 78. Marekani, kampuni ya 4Kids iliingiza sauti za Kiingereza, ikabadilisha muziki, ikaandika upya mazungumzo na kukata baadhi ya matukio. Toleo hilo la 4Kids ndilo mtoto wa huku hukutana nalo kwanza.

Hadithi inaanza Sonic akivamia ngome ya adui yake, Daktari Eggman. Katika vurumai zumaridi saba za Chaos, vito vyenye nguvu za ajabu, zinafyatua nguvu inayowatupa wote, wema na wabaya, kwenye dunia ya binadamu. Usiku huohuo Sonic anakimbizwa na polisi mjini, anaponyoka, kisha anatumbukia katika bwawa la kuogelea la nyumba ya kitajiri. Kuogelea hajui. Anayemtoa ni Chris Thorndyke, mvulana ambaye wazazi wake wako kazini siku zote, akilelewa na babu yake na watumishi wa nyumba. Kuanzia hapo Sonic na rafiki zake wanafichwa katika nyumba hiyo, na sehemu kubwa ya vichekesho vya msimu wa kwanza inatokana na maficho hayo: mbweha mwenye mikia miwili karakanani, sungura bustanini, na wazazi wanaotokea ghafla bila hodi.

Chris hayumo katika gemu yoyote ya Sonic iliyotangulia. Kumbuka hilo, kwa maana ndilo lililowasha moto.

Mzunguko wa kwanza

Maagizo ya mwanzo yalikuwa mafupi kupita kiasi: tazama vipindi vya kutosha, njoo na alama juu ya kumi. Mchezaji aliipa 3. Mwalimu aliipa 8. Mwanafunzi 7, mhariri 5. Tungeweza kujumlisha, tukagawa kwa nne na kuwapelekea wazazi wastani. Hakuna aliyetaka, na nadhani wote walihisi kwamba wastani huo usingekuwa maoni ya mtu yeyote pale.

Mchezaji ndiye aliyeanza.

"Dada, huyu mtoto hayumo. Hayumo kabisa kwenye gemu. Wamemtoa wapi?"

"Wamemleta kwa ajili ya huyu wangu, mdogo wangu," mwalimu akamjibu, akimwonyesha kitinda mimba wake aliyekuwa anachora pembeni. "Huyu asiye na padi."

Mazungumzo yaliendelea kwa muda mrefu baada ya hapo, lakini sentensi ile ya mwalimu ndiyo iliyobaki mezani.

Kabla hatujafika kwenye maana yake, ilibainika jambo jingine la kiutaratibu. Wajumbe wanne walikuwa wametazama vitu vinne. Mchezaji alikwenda moja kwa moja kwenye vipindi vya 33 hadi 38, vinavyosimulia upya Sonic Adventure 2, gemu anayoipenda kuliko zote. Mwalimu alitazama vya mwanzo akiwa na wanawe, kwa Kiingereza cha 4Kids. Mwanafunzi alitazama baadhi ya vipindi hivyohivyo vya mwanzo, ila kwa Kijapani, ambamo Sonic anasemewa na Jun'ichi Kanemaru, mwigizaji yuleyule anayemsemea katika gemu. Mhariri alirukaruka huku na huku, akisimama penye picha zilizomvutia. Walikuwa wanabishana juu ya jina moja lililoandikwa juu ya kazi nne tofauti.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuliondoa swali "je, imefuata gemu?" Swali hilo lina kasoro ambayo haionekani upesi. Utamu wa gemu ya Sonic hauko katika hadithi. Hadithi ya gemu ile ya 1991 unaweza kuisimulia kwa pumzi moja. Utamu uko mkononi: wewe ndiye unayekimbia, wewe ndiye unayechelewa kuruka, wewe ndiye unayejigonga kwenye miiba na kuona pete zako zote zikimwagika. Anime haiwezi kufuata hilo hata ikitaka. Padi imeshaondoka mkononi mwa mtazamaji. Kwa hiyo tukaandika swali jipya: padi imeondoka, ni nini kimewekwa mahali pake, na je, kinafanya kazi?

Mchezaji alikubali kwa shingo upande. Alihofia kwamba swali hilo linampa Chris msamaha wa bure. Tulimwahidi kwamba Chris atahukumiwa kwa kipimo hichohicho.

Uamuzi wa pili ulihusu toleo. Tulichagua la 4Kids kuwa ndilo la kuhukumiwa kwa ajili ya orodha, kwa sababu ndilo litakaloingia sebuleni mwa watu walioomba ushauri. Mwanafunzi alipinga, na hoja yake ilikuwa na uzito: huwezi kuwahukumu watengenezaji wa Japani kwa muziki ambao hawakuuweka na maneno ambayo hawakuyaandika. Tukatenganisha hukumu mbili. Moja inasema: kitu hiki kinamfaa mtoto huyu? Nyingine: waliokitengeneza walikitengeneza vizuri? Kwa hii ya pili, mwanafunzi alipewa kazi ya kulinganisha matoleo yote mawili katika vipindi teule.

Uamuzi wa tatu: sampuli moja kwa wote. Vipindi vya mwanzo. Vile vya katikati vya vituko visivyotokana na gemu yoyote. Vipindi sita vya Sonic Adventure, yaani 27 hadi 32. Sita vya Sonic Adventure 2. Kadhaa kati ya 39 na 52. Na vichache vya mwanzo na mwisho wa msimu wa tatu.

Wa nne: alama za namba zifutwe, na kila mjumbe aandike aya yake kabla ya kikao, asije akavutwa na mwenye sauti kubwa. Wa tano: tuwatazame watoto wakitazama.

Jopo lilichokiona

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, nami nitakaa kidogo.

Tuanze na pete. Katika gemu, pete ni kinga. Ukiwa na moja tu, adui akikugusa hufi; unaipoteza. Ukikusanya mia unapata uhai mmoja wa ziada. Mchezaji yeyote anajua ile hofu ya kukimbia bila pete hata moja. Katika Sonic X pete ni nguvu: Sonic akizidiwa na roboti kubwa la Eggman, mtu anamrushia pete, anaishika, anajiviringisha na kulipasua. Kitu kilekile, dhahabu ileile, lakini kazi imegeuzwa. Katika gemu pete huleta wasiwasi, katika anime huuondoa. Pete ikishatokea, pambano limekwisha, na mtoto akishaona mara chache anajua. Mhariri aliandika kwamba baada ya vipindi kadhaa alikuwa anaweza kukisia dakika ambayo pete itarushwa. Hii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika mfululizo. Shujaa mwenye kasi isiyo na mpinzani, akiongezewa ushindi unaorushwa kutoka pembeni, hana cha kutufanya tumhofie. Tofauti na gemu ni jambo dogo hapa. Kosa ni kwamba padi iliondolewa na mahali pake pakawekwa kitufe cha ushindi.

Linganisha na mwezi. Katika Sonic Adventure 2, gemu ya 2001, Eggman anaupasua nusu ya mwezi kwa mzinga ulioko kwenye kituo cha angani. Ni tukio kubwa, dunia inashuhudia, kisha gemu zinazofuata zinaendelea na mwezi mzima kana kwamba hakuna lililotokea. Anime ililiona pengo hilo na kulichekea. Baada ya kumaliza hadithi ya gemu, inaleta kipindi ambamo Eggman anaomba radhi hadharani na kuutengeneza mwezi. Watu wanaanza kumsifu. Kumbe ameuweka kwa namna inayoziba jua, ili awauzie watu mipira ya mwanga. Jopo zima lilicheka, hata mchezaji. Kichekesho hiki hakingewezekana katika gemu, kwa sababu gemu haina muda wa kukaa na mji uliopoteza mwezi wake. Inakupeleka hatua inayofuata. Anime inao muda huo, ikautumia, na mtu asiyejua gemu anakifuata bila shida, huku anayeijua akipata raha ya ziada. Mwanafunzi aliandika kwamba kipindi hiki kilimfanya aone ni kwa nini mfululizo unahitaji wahusika wanaobaki mahali pamoja. Nakubaliana naye kabisa.

Hali ni hiyohiyo kwa watumishi wa Eggman. Decoe na Bocoe, roboti wake wawili, na Bokkun, yule mjumbe mdogo anayeleta ujumbe ndani ya televisheni ambayo ikimaliza kusema inalipuka, wote ni wa anime hii. Wamempa Eggman nyumba. Katika gemu unamfikia mwishoni mwa hatua, unampiga, unaondoka. Hapa unamwona akichoka, akikasirika na kupanga mambo ya kipuuzi, na tunampata mhusika mwenye ucheshi kuliko wote. Ukiniuliza kwa nini Sonic X inastahili kutazamwa, nitakutajia Eggman kabla ya Sonic.

Vipindi sita vya Sonic Adventure vilizua mjadala mzito zaidi. Gemu hiyo ya 1998 inasimulia tukio moja kupitia wahusika sita, na kila mmoja unamchezesha mwenyewe. Mmoja wao ni Gamma, roboti wa Eggman anayeamua kuwakomboa ndugu zake, roboti wenzake waliofungiwa wanyama ndani yao, kwa kuwaangamiza mmoja mmoja. Mchezaji alitueleza jinsi saa inavyokimbia kurudi nyuma katika hatua za Gamma, na jinsi unavyomlenga ndugu yako kwa miale ukijua kwamba wewe ndiye unayefyatua. Katika anime Gamma anapita haraka. Watazamaji wasioijua gemu walimwonea huruma, mchezaji alimwombolezea. Hapo tulikubaliana bila kubishana: uzito wa Gamma ulikuwa mkononi, na waandishi hawakuweka chochote mahali pake zaidi ya kuliharakisha tukio.

Halafu Chris. Karibu na mwisho wa Sonic Adventure 2, dunia ikiwa hatarini, lazima mtu amshawishi Shadow, kalunguyeye mweusi anayefanana na Sonic, asaidie. Katika gemu ni Amy. Yule msichana tunayemjua kwa kumkimbilia Sonic na nyundo mkononi anasimama mbele ya mhusika mwenye uchungu kuliko wote na kusema nasaha iliyomfikia. Katika anime ni Chris. Mchezaji aliandika aya ndefu kuliko zote juu ya hili, nami naiona kuwa aya bora zaidi katika jalada zima. Hoja yake ya mwisho ilijibu swali letu jipya bila kukwepa: Amy alikuwa na safari ya kufika pale, kutoka kichekesho hadi busara, ukimpa Chris tukio hilo, Amy anabaki kichekesho, na Chris anapata hekima asiyoihangaikia. Mwalimu alijitetea kwamba mtoto wa binadamu ndiye anayefanana na Maria, msichana wa binadamu aliyekuwa rafiki wa Shadow, na kwa hiyo maneno ya Chris yana njia ya kupita. Hoja nzuri. Hata hivyo naona mchezaji alishinda.

Mwalimu naye alishinda kwingine. Katika vipindi vya mwanzo, Chris ndiye mlango. Mtoto asiyewahi kucheza anaingia kupitia kwake: anauliza maswali ambayo mtoto angeuliza, anawaficha wageni kama ambavyo mtoto angemficha paka asionwe na mama. Mchezaji aliandika kwa mkono wake: "Vipindi vya mwanzo, Chris ana kazi. Baadaye anachukua kazi za wengine." Maneno hayo tuliyaweka katika orodha ya wazazi kama yalivyo.

Mfano wa mwisho ni Emerl, roboti anayejifunza kwa kuiga, aliyetoka katika Sonic Battle, gemu ya Game Boy Advance ya mwaka 2003. Anapoharibika na kuwa hatari, katika gemu Sonic ndiye anayelazimika kumkomesha. Anime inampa jukumu hilo Cream, sungura wa miaka sita, mhusika mpole kuliko wote, pamoja na Cheese, kiumbe mdogo anayemfuata kila mahali. Huu nao ni mguso ambao gemu haikuwa nao. Tumekaa na Cream vipindi vingi akisuka maua na kunywa chai. Ndiyo maana pambano lake linauma. Anime nyepesi ilitumia wepesi wake kununua tukio zito, na ililipa bei kamili. Mchezaji, ambaye kwa kipimo cha zamani angelalamika kwamba gemu imebadilishwa, hapa hakulalamika hata kidogo.

Mwanafunzi alileta ulinganisho wa matoleo. Muziki ndiyo tofauti inayosikika kwanza. Tofauti inayobeba uzito ni kifo cha Maria, ambacho toleo la 4Kids limekilainisha, na kwa hiyo uchungu wa Shadow unabaki bila mzizi wa kutosha. Kwa mtoto wa miaka 7, mwalimu aliona hilo ni afadhali. Kwa wa miaka 12, wote waliona ni hasara.

Siku ya watoto

Familia chache zilikubali watoto wao watazame pamoja, nyumbani kwa mwalimu. Sheria yetu ilikuwa kwamba mtu mzima haulizi "mmependa?", kwa sababu mtoto aliyelelewa vizuri atasema ndiyo. Tulikaa nyuma na kuandika.

Televisheni ya Bokkun ililipuka, sebule ikalipuka nayo. Mapigano marefu yalipofika, wadogo waligeukiana wakaanza kuzungumza mambo yao, na walirudi skrini roboti lilipokwisha. Katika kipindi cha besiboli, timu ya Sonic dhidi ya roboti za Eggman, hakuna aliyegeuka, ingawa mchezo wenyewe hawaujui. Walifuata nani anamkasirikia nani. Mvulana mmoja mwenye gemu ya Sonic kwenye simu ya kaka yake alikaa mbele kabisa. Kila Sonic alipokimbia, vidole gumba vyake viligonga magoti, kushoto, kulia, na mara mbili alisema "ruka sasa" kwa sauti. Mtoto huyohuyo ndiye wa kwanza kuchoka wakati wa mapigano. Jirani yake, msichana asiye na gemu, hakuchoka kabisa. Alitaka kujua kama mama yake Chris atagundua.

Matokeo

Orodha ilipeleka Sonic X ikiwa imependekezwa, pamoja na maelezo. Vipindi vya 1 hadi 26 na vingi kati ya 39 na 52 kwa watoto wote. Vipindi vya 27 hadi 38 kwa wenye miaka 9 na zaidi, na kama nyumbani kuna anayejua gemu, basi akae nao. Msimu wa tatu, unaokwenda angani kwenye vita na maadui waitwao Metarex na kumalizikia kwenye kifo cha mhusika ambaye watoto watakuwa wamempenda, kwa wakubwa tu. Chini yake aya mbili zilizosainiwa kwa nafasi zao, "mchezaji" na "mwalimu", kila mmoja akisema lake kuhusu Chris.

Wazazi wengi walituambia aya hizo mbili ziliwasaidia kuliko maelezo yetu yote. Lakini malalamiko pia yalikuja. Mzazi mmoja aliwaachia watoto waendelee hadi msimu wa tatu kwa kuwa kipindi kimoja kilifuatia kingine chenyewe, na binti yake alilia hadi akakosa chakula cha usiku. Onyo letu lilikuwapo, ila katika sentensi ya mwisho ya aya, ambako mzazi mwenye haraka hafiki.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichokwama

Swali jipya ndilo lililoliokoa jopo, kwa sababu liliwapa wajumbe kitu kimoja cha kutazama bila kuwalazimisha kukubaliana. Lilimruhusu mchezaji aikosoe pete bila kuonekana analia kwa ajili ya utoto wake, na lilimruhusu mwalimu amtetee Chris bila kuambiwa hajui gemu. Lilikata pande zote mbili: likamtia hatiani Chris wa mwisho na kumtetea wa mwanzo.

Kuandika kabla ya kusema kulikuwa na faida ambayo hatukuitarajia: aya za mhariri, mtu asiyependa kubishana, ndizo zilizotuonyesha udhaifu wa mapigano. Kikaoni hakufungua mdomo sana.

Kufuta alama kulisaidia jopo lakini kulimkera msomaji. Baadhi ya wazazi walitaka namba, nami naelewa. Mtu mwenye orodha ndefu na likizo fupi anataka njia ya mkato. Njia bora ingekuwa alama tatu tofauti kwa vipande vitatu vya mfululizo, maana vipande hivyo vinatofautiana kuliko anime mbili zisizohusiana.

Sampuli ilikwama katika msimu wa tatu. Tulitazama vichache, na hukumu yetu juu yake ilikuwa sahihi kwa umri lakini nyembamba kwa ubora. Mwanafunzi anaamini kwamba uhusiano wa Tails, yule mbweha wa mikia miwili, na Cosmo, msichana anayejiunga nao katika msimu huo, ni kazi nzuri kuliko chochote katika misimu miwili ya kwanza, na jopo halikuwa na msingi wa kumkubalia wala kumkatalia. Watoto nao walikuwa wa familia zinazojuana, wenye kiwango kinacholingana cha Kiingereza. Mtoto asiyeelewa Kiingereza angefuata nini katika vichekesho vya maneno vya Eggman? Hilo halikupimwa, na katika mji wetu ni swali la watoto wengi.

Ulinganisho wa matoleo ulikuja nyuma ya zamu yake. Ungekuja kabla ya kikao cha pili, mjadala juu ya Shadow ungeanza kwenye msingi ulio wazi zaidi, kwa sababu wajumbe wawili walikuwa wanamlaumu mwandishi wa Japani kwa tukio ambalo 4Kids ndiyo iliyolipunguza.

Onyo sasa linaandikwa juu, mstari wa kwanza, kabla ya sifa yoyote.

Jopo limeshaombwa kazi nyingine: anime ya Kirby, vipindi 100 vilivyorushwa Japani kati ya 2001 na 2003. Katika gemu, Kirby anavuta maadui kinywani na kuchukua nguvu zao kwa kidole chako. Katika anime karibu neno lake pekee ni "poyo", na wanakijiji ndio wanaosema kila kitu kingine. Mchezaji ameshaandika aya yake ya kwanza, na safari hii anadai kwamba mhusika asiyekuwamo katika gemu, msichana anayeitwa Fumu kwa Kijapani, ndiye nguzo ya mfululizo. Mwalimu hajakubali bado.